Kamati ya Kuutoa Ufunguo Kichwani mwa Sekela

Ofisi ya Ugavi wa Sukari na Nafaka, Mbeya, inayo heshima kuwatangazia wananchi wote kwamba mwaka huu wa 1975 imekomesha hatari kubwa kuliko ukame: siri ya serikali kukaa kichwani mwa mtu. Mimi, Silvester, nilikuwa katibu wa kamati iliyoikomesha, kwa hiyo maneno ya vilabuni msiyasikilize.

Kila Jumatatu makao makuu ya Iringa walituletea kwa basi bahasha yenye neno moja la ufunguo. Mwenye neno hilo aliweza kuufungua ujumbe wa redio kolu. Asiye nalo alisikia herufi za ovyo tu. Bila hivyo kila mlanguzi mwenye redio angejua lori la sukari linashusha wapi na lini. Bahasha aliipokea Ndugu Sekela, opereta wetu. Alilisoma neno, akalishika kichwani, akaitia karatasi kwenye jiko la chai. Wiki ikiisha, alilisahau. Miaka minne mambo yalikwenda hivyo, bila kikao hata kimoja.

Ndipo Sekela akaugua malaria siku mbili. Mkuu wetu, Ndugu Edmund, alisema siri ya serikali haiwezi kulazwa hospitali pamoja na mgonjwa. Akaunda kamati ya watu wanane, nayo ikaamua haraka sana, baada ya vikao sita. Neno litachapwa nakala nane, moja kwa kila mjumbe, na karatasi yenyewe ya Iringa itafungiwa kwenye sefu yenye kufuli tatu. Kuchoma tulipiga marufuku, maana karatasi ni mali ya umma, na mali ya umma haichomwi bila fomu. Ukishasoma, tupa. Kapu la takataka lilikwenda kwa Bipin, mwenye duka jirani, kama siku zote, akafungie karanga.

Wiki ya tatu lori la sukari lilifika Uyole likakuta foleni imepangwa tangu jana yake. Wa kwanza alikuwa Mzee Budeba, aliyetoka Usangu na mkokoteni wa ng'ombe. Alishaanza safari kabla dereva hajaambiwa anakwenda wapi.

Siri imevuja. Kamati ikamwita aliyewahi kuijua.

“Ndugu Sekela,” Mkuu alisema, “thibitisha kwamba umesahau maneno yote ya zamani.”

“Nimesahau, Ndugu Mkuu.”

“Yapi?”

Sekela akasema hajui. Tukaandika: mhusika anaficha.

Tulimnyang'anya redio, tukampa birika la chai, na Ijumaa angehamishiwa ghala la Madibira. Mama yake, mgonjwa wa miguu kule Mwanjelwa, hakuwa na mwingine wa kumchotea maji. Nilimkuta analia stoo. Nilisikitika kabisa, kisha nikaenda kumalizia muhtasari. Mkuu naye akapeleka Iringa taarifa ya mafanikio, kurasa kumi na mbili, utaratibu wetu wote umeelezwa humo.

Alhamisi ukaja ujumbe wa Iringa, afungue Mkuu mwenyewe. Alijua ni pongezi. Akaagiza sefu ifunguliwe. Kufuli mbili zilikubali. Ufunguo wa ya tatu ulikuwa likizo Tukuyu pamoja na Ndugu Isakwisa. Nakala nane tulikwisha kuzitupa kwa utaratibu, na neno lenyewe hakuna mjumbe aliyelikumbuka.

“Lipo kwa Bipin,” alisema Sekela huku akimimina chai. “Karanga za senti hamsini, Ndugu Mkuu. Atakayekwenda aombe zilizofungwa kwa karatasi ya SIRI SANA.”

Nilitumwa mimi. Bipin alipunguza sauti ya redio yake, akanifungia karanga, akanitazama kwa huruma.

“Mpe pole Mkuu wako. Nyololo baridi sana, abebe sweta.”

Mzee Budeba, nyuma yangu kwenye foleni, akaongeza kwamba blanketi pia. Sikuwaelewa, na kwa kuwa salamu hizo hazikuwa rasmi, sikuzifikisha.

Ofisini ikaonekana hakuna anayejua kuufungua ujumbe isipokuwa Sekela. Akaketi, akaikunjua karatasi ya karanga, akasoma polepole: Edmund ahamie Nyololo kesho, alinde magunia matupu. Silvester amsaidie. Redio arudishiwe Sekela, na achome karatasi kama zamani.

Mkuu akauliza kama ujumbe huo una nakala yoyote, ili akate rufaa.

Sekela akaitia karatasi kwenye jiko la chai, bila fomu.

“Haipo tena, Ndugu Mkuu,” alisema.

Karanga alituachia, tule njiani.