Meya kwa Mtindo wa Wales

Jumapili, 2 Mei 2004. Grand Prairie, Texas

Nimeharibu! Nimempigia Baba simu Kisii. Viza yake imetoka. Anatua Dallas Jumamosi tarehe 29. Nikafurahi, naye akafurahi, kisha akaniuliza: miaka yote hii Marekani, unaongoza nini?

Baba alikuwa diwani vipindi vitatu. Umeya aliukosa kwa kura moja, na mpaka leo akilitaja jambo hilo huvua miwani. Ningemwambia nini? Kwamba katika Umoja wetu wa watu wa Afrika Mashariki na Kongo, mimi Elkana ndiye mpanga viti? Nikasema: Meya. Halafu nikasikia mzee analia kwa furaha. Kadi ya simu ikaisha hapohapo.

Umoja hauna meya. Una mwenyekiti, Mwita, mtu wa kompyuta huko Richardson, anayevaa tai hata kwenye nyama choma.

Jumanne, 4 Mei

Nimepata! Wales!

Mwaka 1995 nilikwenda huko kusomea diploma ya utawala. Chumba changu kilikuwa baridi hata sabuni ilikataa kutoa povu. Lakini ukumbi wa baraza la mji wa Llanfedwen ulikuwa na hita na chai, na mwananchi yeyote aliruhusiwa kukaa nyuma na kusikiliza. Nilisikiliza majira yote ya baridi. Mitaro, makaburi, taa za barabarani, mavi ya mbwa. Hakuna Mkenya anayezijua kero za Llanfedwen kunishinda.

Na kule meya hachaguliwi na umma! Madiwani hukaa wao wenyewe, mmoja anapendekeza, mwingine anaunga mkono, mtu anavikwa mkufu, kwisha. Watu wachache tu! Demokrasia ya kubeba mkononi!

Mke wangu Kathure amesema kumwambia Baba ukweli kungechukua dakika mbili. Wauguzi hawaelewi siasa.

Jumapili, 9 Mei

Mkutano wa Umoja, Vickery Meadow, mtaa wa ghorofa huku Dallas, baada ya ibada. Nimehutubia. Nimewaeleza jinsi baraza la Llanfedwen lilivyozaliwa mwaka 1974 na kufa mwaka 1996, serikali ilipofuta mabaraza yote ya zamani na kuunda ishirini na mawili mapya. Nikasema nasi tufute mambo ya kizamani! (Nilimtazama Mwita.) Tuwe na kata, madiwani na meya.

Mwita akauliza kwa nini watu waliotawaliwa na Waingereza waige watu wengine waliotawaliwa na Waingereza. Swali zuri. Nikajifanya nakohoa.

Nikasema kule kila karatasi huandikwa kwa lugha mbili na hakuna anayenuna. Hapo akasimama Mama Scholastique, mama wa Bukavu anayeogopwa ghorofa zote za Vickery Meadow. Akasema hilo amelipenda, maana amechoka kusahihishwa Kiswahili na Wakenya, watu wasiojua Kiswahili. Wakongo wakapiga makofi. Limepita!

Nikatoa ramani niliyochora. Grand Prairie kwetu viti vitatu. Richardson kimoja. Vickery Meadow kimoja. Mama akauliza mbona kwao ndiko wanakoishi watu wengi. Nikasema kata hupimwa kwa ukubwa wa ardhi. Akauliza kama huko Wales kondoo nao wanapiga kura.

Watu walicheka mpaka mmoja akaanguka na kiti. Ramani imegeuzwa: Vickery Meadow vitatu, sisi kimoja. Mama huyu ni hatari.

Jumamosi, 15 Mei

Uteuzi wa madiwani. Kwa kuwa mtindo ni wangu, nilipewa kupanga saa ya Grand Prairie. Nikapanga saa moja asubuhi, wakati watu wa zamu ya usiku kwenye maghala wamelala fofofo na wauguzi wanabadilishana zamu. Hakujitokeza mtu. Nimepita bila kupingwa! Nimejipa mkono mwenyewe.

Kisha nikaenda gulioni kutafuta mkufu. Nimepata mnyororo mzuri wa rangi ya dhahabu (wa mbwa, lakini mbwa mkubwa) na bizimu la mkanda wa kauboi, kubwa kama kisosi, limechorwa fahali anayeruka na maneno: Bingwa wa Kupanda Fahali 1988. Nimeviunganisha kwa waya. Nikajitazama kwenye kioo robo saa. Kathure alipita akarudi alikotoka.

Jumapili, 23 Mei

MEYA!

Madiwani tuko watano. Mimi, Mwita wa Richardson, na wa Vickery Meadow: Mama Scholastique, Parfait na Marguerite. Nilimwendea Mama kabla ya kikao. Akasema kura zao tatu ninazo, ila yeye aitwe Kiongozi wa Baraza. Nikauliza: hilo tu? Akasema: Basi. Nikakubali kabla hajamaliza. Cheo kisicho na mkufu ni cheo gani? Kura nne kwa moja! Mwita alikaza tai yake hadi nikamwonea huruma.

Halafu Mama akatoa hoja. Kwamba, kama Mheshimiwa Elkana alivyotufundisha, meya wa Llanfedwen ni mzazi wa wote, haegemei upande. Kwa hiyo meya wetu asichangie mjadala, wala asipige kura ila kura zikifungana. Imepita. Nimepiga hesabu nikiwa bado natabasamu. Wanabaki wanne, na watatu ni wa Mama. Hizo kura zitafungana lini?

Kazi zangu: kuhudhuria kila ubatizo, mahafali na msiba, na kufika wa kwanza. Nikauliza nani sasa atapanga viti. Nikakumbushwa kwamba meya hachangii mjadala.

Jumamosi, 29 Mei

Baba amefika! Nilimpokea uwanjani nikiwa nimevaa mkufu. Askari alinifuata kwa macho tangu mlango wa kuingilia. Baba akatoka na kofia yake ya udiwani, akasimama, akaushika mkufu kwa mikono miwili. Akauliza fahali ni wa nini. Nikasema nembo ya jimbo. Akasema ananijivunia, na kwamba alichinja mbuzi akawaita majirani wote kuwatangazia. Nikasikia aibu ya kweli, mpaka tulipofika kwenye gari.

Jumapili, 30 Mei

Balaa.

Nilimleta Baba kikaoni, nikamketisha mbele. Parfait akaaga, kapata kazi Houston. Kisha Mama Scholastique akamsalimia mzee kwa heshima zote, akamwambia mwanawe amevaa mkufu wiki nzima sasa na bado haujamchosha shingo.

Wiki nzima! Baba akanigeukia. Nikatabasamu, ndiyo kazi yangu.

Tulipokaribia nyumbani Baba akasema, polepole, kwamba alimchinja mbuzi yule mapema mwezi huu. Kwamba aliwatazama wenzake machoni akawaapia kuwa mimi ni meya. Nikamwomba radhi. Akavua miwani. Nimeumia, sitanii. Sijawahi kuumia hivi.

Nimelala nikiwaza jinsi ya kumfurahisha, nikapata wazo zuri mno. Nitampa mkufu! Atajaza kiti cha Parfait, maana kule Wales baraza huweza kumteua mtu likajaza nafasi lenyewe. Mzee wa watu apate umeya aliounyimwa. Na meya si hasemi? Basi yeye anyamaze, mimi nirudi kuwa diwani mwenye mdomo na kura!

Jumapili, 6 Juni

Baraza lilikubali, nami nilimvika Baba mkufu mbele ya watu. Akina mama walipiga vigelegele. Mwita alilia, Mwita! Baba alisema amesubiri siku hii miaka ishirini na sasa hata mbuzi yule hakufa bure. Nami machozi yalinitoka.

Hapo akaomba jambo moja tu: mzee wa mvi hizi hawezi kufungwa mdomo. Mama Scholastique mwenyewe akatoa hoja ya kufuta sheria ya ukimya. Imepita hapohapo. Baba akahutubia dakika arobaini, kuhusu vyoo vya soko. Dallas hatuna soko! Walishangilia kila choo.

Nikanyoosha mkono nichangie. Meya akaniambia nikae. Kisha akaona akina mama watatu wamesimama, akaniambia niinuke nikalete viti.

Jumatatu, 7 Juni

Leo nimekumbuka sheria moja ya Wales, tamu ajabu. Diwani asiyehudhuria miezi sita mfululizo hupoteza kiti chake, hata awe nani. Baba anapaswa kurudi Kisii mwishoni mwa Novemba. Ongeza miezi sita: Mei! Kiti wazi, mkufu wazi, na hakuna aliyemkosea mzee.

Nimesherehekea kwa soda. Kisha nikamsikia jikoni akimuuliza Kathure watu huongezaje muda wa viza.

Nikakimbia huko. Nikamwambia Baba kwamba Desemba ya Texas huua wazee, theluji hufika magotini. Kathure akasema Desemba iliyopita nilichoma nyama nje kwa kaptula. Nikaapa kwamba mwaka huu utabiri ni mwingine kabisa.

Baba akauliza duka la makoti liko wapi.