Nimezima Chombo cha Maziwa cha Mama Habiba

Wenzangu wa chumba kile cha chuoni, leo nimeaibika, tena mbele ya watu wasiosahau.

Nawaandikia nguo zangu zikiwa bado zinanuka moshi na samli. Hadi sasa sijaelewa vizuri nilikosea wapi hasa, kwa maana kila hatua niliyoichukua ilikuwa na sababu yake. Nitaeleza kwa utaratibu, kisha nyinyi mnihukumu.

Tangu nihamishiwe Garissa nimekuwa nikijifunza mapishi ya huku. (Ndiyo, mimi, mwenye shahada ya sayansi ya nyumbani na miaka kumi na minane ya kuwafundisha watoto wa watu kuoka keki ambazo hakuna aliyeziomba.) Anayenifundisha ni jirani yangu wa mtaa wa Galbet, Mama Habiba. Somo letu ni nyirinyiri: nyama ya ngamia hukatwa vipande virefu, ikaanikwa, kisha ikakatwakatwa hadi iwe vipande vidogo kama punje za mahindi, ikakaangwa mpaka ikauke, halafu ikazamishwa kwenye samli. Ikifanywa sawasawa hukaa miezi bila friji. Nilipomwuliza ikaangwe dakika ngapi, alinitazama kwa huruma.

"Mbaka inyamaze," akasema.

Nikaandika hivyo daftarini, ingawa sikuelewa. Chini yake nikaandika sharti lake kuu na kulipigia mistari miwili: maji yasiikaribie, hata mkono uliolowa. Tone moja tu, na nyama huoza ndani ya samli.

Nyama ya leo haikuwa ya mazoezi. Habiba, binti yake, aliolewa Habaswein juzijuzi, na hii ndiyo zawadi ya mama kwa wakwe. Mama mkwe ataifungua mbele ya wanawake wa ukoo. Ikiwa imeharibika, hawataisema nyama. Watamsema Habiba na mama aliyemlea. Lori linaondoka kesho asubuhi na msafara wa polisi, na atakayeibeba ni shangazi wa bwana harusi, Edo Shamsa, aliyekuwa mjini kununua vitambaa.

Kufikia adhuhuri nyama ilikuwa imeiva, samli imemiminwa, na sufuria imeipuliwa kando ya meko. Iliki ikawa imekwisha. Mama Habiba akajitanda shela yake aende kuomba kwa jirani, Rukia.

"Mwalimu, kaa hapa. Angalia tu. Usifanye kitu."

Katika masomo yangu yote sijawahi kupewa agizo lililo wazi kuliko hilo.

Nikakaa. Kando ya sufuria, ukutani, kilisimama chombo chake cha maziwa, dhiil, kilichosukwa kwa mizizi kwa ustadi hata tone lisipenye. Alikisuka marehemu mama yake. Nilipokitazama, nikaona moshi ukitoka chini ya kifuniko. Nikavua miwani, nikaifuta, nikaivaa tena. Moshi ukaongezeka. Nikasogea, nikakigusa: kina joto. Nikakifunua kidogo: makaa mekundu!

Nikajiuliza ni nani anayeweza kutia makaa ndani ya chombo cha maziwa. Nikahitimisha kwamba cheche ilikuwa imeruka kutoka mekoni. (Kwamba cheche hiyo ilifungua kifuniko, ikaingia, kisha ikajifungia, ni jambo ambalo halikunijia akilini.)

Kila muhula huwafundisha wanafunzi wangu la kufanya moto unapozuka jikoni: usipige kelele, usikimbie, tafuta maji. Nikayafanya yote kwa mpangilio huo. Kulikuwa na mtungi uliojazwa asubuhi na mwenye mkokoteni wa punda. Nikachota kopo, nikamimina. Chombo kikatoa mlio wa ajabu na kunikoholea majivu usoni. Nikachota kopo la pili kwa ajili ya uhakika, na hilo nikalirusha kwa nguvu. Nusu iliingia chomboni. Nusu iliyobaki ilipita juu ya ukingo na kutua mahali ambapo bila shaka mmeshapakisia.

Nyama iliyokuwa imenyamaza ikaanza kusema.

Hapo ndipo walipoingia: Mama Habiba na iliki yake, Rukia nyuma yake, na Edo Shamsa mwenyewe, aliyekuja kuangalia ukubwa wa mzigo. Naomba mwelewe hali yangu wakati huo. Nilikuwa nikingoja kushukuriwa.

"Msiwe na hofu," nikasema, majivu yakinidondoka kidevuni. "Nimeshauzima."

"Nini?" akauliza Mama Habiba.

Nikaonyesha kwa kopo. Akaketi mkekani polepole, kama mtu aliyeletewa habari za msiba.

"Mwalimu, hiyo chombo ilikuwa inaoshwa."

"Inaoshwa kwa moto?"

"Kwa moshi," akasema Rukia. "Kwani nyinyi mnaosha na nini?"

"Maji na sabuni."

Rukia akamtafsiria Edo Shamsa, ambaye akasema maneno machache bila kuniondolea macho.

"Anauliza, na maziwa yenu inakaa siku ngapi?"

Nikayakumbuka ya kwangu nyumbani, yaliyoganda kabla ya saa nane mchana. Nimesahihisha mitihani miaka mingi. Naijua sifuri nikiiona.

Kicheko kilichoanza kikakatika, kwa sababu Edo Shamsa alikuwa ameinama juu ya sufuria. Matone ya maji yalionekana wazi yakitembea chini ya samli. Nilimtazama Mama Habiba nikatamani anigombeze. Alichochea kuni, akairudisha sufuria mekoni, akanipa mwiko.

"Sasa sikiza."

Nikasikiliza kwa karibu saa mbili. Samli ilipasuka kwa hasira, ikanung'unika, ikaguna hapa na pale kama mtu aliyekumbuka neno, kisha kimya. Mstari ule wa daftarini nikauelewa kwa mara ya kwanza, na mkono wangu ukiwa na malengelenge mawili.

Edo Shamsa akaonja. Akatafuna kwa muda mrefu kuliko nilivyoona ni lazima, kisha akazungumza, na Rukia akatafsiri: nyama haitaoza, lakini imekauka kupita kiasi na imekuwa nyeusi. Mama mkwe ataona, naye atauliza. Mama Habiba akainamisha macho.

"Lakini anasema usijali," Rukia akaendelea. "Yeye ataanza na habari ya mwalimu. Wakisikia hiyo, hakuna mtu ataangalia nyama."

Wakacheka hadi Rukia akashika ukuta. Mama Habiba naye akacheka, akijifuta machozi kwa ncha ya shela, akanishika mkono usio na malengelenge. Nikacheka pia, bila kujua kama nilikuwa nimeokolewa au nimeuzwa.

Kabla sijaaga, Edo Shamsa akanipa jina. Huku kila mtu ana jina la utani, na halikataliwi. Langu ni Dabdamis, yaani mzimamoto. Nilitoka pale nikijifariji kwamba tulilisikia watu wanne tu. Kwenye kona, muuza chai ambaye sijawahi kuzungumza naye akainua birika kunisalimu.

"Mwalimu Dabdamis, habari ya moto?"

Basi nawasihi msicheke. Kesho lori likifika, Habaswein itaifanya kazi hiyo kwa niaba yenu.