Hataza ya Kunyonyoa Senene

Jumatatu, 11 Novemba

Tik. Nimeamka nayo tena. Ni sauti ya mguu wa senene, panzi wetu wa kuliwa, ukiachia mwili. Niliisikia utotoni, jikoni kwetu Ijumbi, bibi akinyonyoa beseni zima la senene ambao mwenyewe hakuwahi kuwaonja, maana enzi zake walikuwa chakula cha wanaume. Tik, tik, tik. Nilisomea uhandisi kwa sababu ya sauti hiyo, ingawa kwenye maombi ya chuo niliandika mambo ya maendeleo ya taifa.

Leo tangazo limebandikwa chuoni. Mwezi ujao, hapa Bukoba, wataheshimiwa wahadhiri wote wenye hataza, yaani hati za kumiliki uvumbuzi wao. Ngao, picha, jina kusomwa kwa kipaza sauti! Hata ambaye maombi yake yamepokelewa tu atasimamishwa apigiwe makofi. Mujuni, ninayeshiriki naye ofisi, ana hataza ya kikaushio cha kahawa. Ameniuliza kama siku hiyo nitakaa na wageni au nitagawa soda.

Nina mashine ya kunyonyoa senene! Pipa lenye vidole vya mpira ndani, na feni ya kupeperusha mabawa. Haijakamilika. Bi. Clotilda wa ofisi ya utafiti ameniambia sharti kubwa ni upya. Mpaka maombi yapokelewe nisimwonyeshe mtu, nisimsimulie mtu, hata padri kwenye kitubio. Nimemwambia mimi ni jiwe. Alinitazama kwa muda mrefu kuliko nilivyopenda.

Jumatano, 13 Novemba

Niko kijijini Ijumbi kumalizia kazi. Mashine imefika kwa Mama ikiwa imefungwa shuka. Jirani yetu Annastella akauliza ni kitu gani. Nikajibu haraka: mashine ya kufulia nguo. Jibu zuri sana! Muda si muda amerudi na majoho ya kwaya nzima. Nimeyafua kwa mikono, mlango umefungwa, huku nikinguruma kwa mdomo.

Baadaye nimekaa sakafuni na senene mmoja. Nikivuta mguu moja kwa moja, anang'ang'ania. Nikivuta kwa mshazari, anauachia mwenyewe. Mwenyewe! Anajuaje kwamba mguu huo umeshapotea? Uamuzi unafanyika wapi, kichwani au kwenye goti? Mama ameniita kula mpaka akachoka. Ebitoke, ndizi zake za kupika, zimepoa. Nimevigeuza vidole vyote vya mpira vikae mshazari.

Alhamisi, 14 Novemba

Inafanya kazi! Senene wanaingia na miguu, wanatoka bila. Tik-tik-tik-tik, kama mvua inayoanza. Mama aliweka mkono mdomoni. Kisha akamaka kwa Kihaya, "Mawe, mama wee! Bibi yako angeiona hii, waitu." Akatoka nje. Amerudi macho mekundu, akisingizia moshi. Moto ulikuwa haujawashwa.

Nimeandika maombi. Nitayapeleka Jumatatu. Aliyeiona ni mama yangu mzazi tu. Mimi ni jiwe.

Ila najiuliza: kitu ambacho hakuna aliyekiona, kweli kipo?

Jumapili, 17 Novemba

Si kosa langu. Mama yake Mujuni, Bi. Agnetha, anasali parokia yetu. Baada ya misa alisimama nje akiwaeleza watu habari za ngao ya mwanawe. Akaonyesha ukubwa wake kwa mikono; ilikuwa sawa na mlango. Kisha akamgeukia Mama: "Na wako, mama Kemilembe, na shule yote ile, sasa anafulia watu majoho?" Wakacheka. Mama akatazama viatu vyake.

Nilikusudia kudokeza tu. Dokezo halikueleweka, ikabidi nieleze. Maelezo yakahitaji mchoro. Mchoro ukahitaji mashine. Tukaibeba hadi ukumbi wa parokia. Feni ilikuwa imeelekea kwa padri. Alijaa mabawa hadi kwenye nyusi, akaendelea kutabasamu. Vigelegele! Katekista Evarist alirekodi yote kwa simu. Mama alirudi nyumbani akitembea katikati ya barabara.

Siri iko salama. Niliwaapisha wote. Waliochelewa niliwaonyesha upya, kisha nikawaapisha nao.

Jumatatu, 18 Novemba

Nimefika Bukoba na bahasha yangu. Kabla sijakaa, Mujuni akaninyooshea simu yake. Mimi, nimeinua mikono juu, na padri nyuma yangu ana mabawa. Video imetoka kwenye kundi la parokia, ikapita Kamachumu, ikapita Kanazi, ikafika mjini kabla yangu. Ofisini kwake, Bi. Clotilda ameirudia na kuirudia. Ameisifu. Ameuliza atapataje mashine ya kwake. Kisha akaisukuma bahasha irudi upande wangu wa meza. Si mpya tena, Kemi, alisema. Fundi mmoja wa kuchomelea huko Kamachumu ameshaunda yake, tena kubwa.

Mujuni hakucheka. Hilo ndilo lililoniuma. Aliuliza tu kwa nini vidole vimekaa mshazari. Nikamchorea.

Jumamosi, 7 Desemba

Sherehe. Nimegawa soda. Mujuni amepewa ngao. Ni ndogo kuliko mlango. Jina lake liliposomwa alionekana kama mtu asiyejua pa kuweka mikono. Nilimpigia makofi ya adabu, na mwishoni yakawa ya kweli.

Halafu, nyuma ya ukumbi, wapishi wakaanza kukaanga senene. Kikaango kililia shwaa, shwaa, kisha ghafla kacha-kacha. Sauti inabadilika wanapoiva! Kwa nini? Ni maji yanapoisha? Je, jiko linaweza kusikiliza, likajizima lenyewe? Niligeuka kwa kasi hadi soda ikamwagikia suti ya mgeni rasmi. Jiko lenye masikio! Nani amewahi kuliwaza?

Safari hii nimejifunza. Hakuna ukumbi, hakuna padri, hakuna video. Nimemweleza mgeni rasmi tu, kwa sababu ya suti, pamoja na wale waliokuwa wakimfuta. Lakini mchoro usiopitiwa na macho ya wengine huwa na makosa. Kwa hiyo nimeuchora vizuri, nikaandika juu kwa herufi kubwa SIRI, MSISAMBAZE, na nimeshautuma kwenye kundi la parokia. Evarist amejibu sasa hivi. Anasema nisiwe na wasiwasi: ili usipotee, ameupeleka kwa yule fundi wa Kamachumu autunze.