Malalamiko Dhidi ya Mkaa Unaokunywa Uji

Buswelu, Mwanza
9 Agosti 1995

Ndugu Bwana Misitu,

Pokea heshima za mtu uliyemkimbiza porini miaka kumi na minne bila kumkamata. Mimi ni Luhende, mchoma mkaa. Nashtaki kikundi cha akina mama wa hapa Buswelu, ambacho mwenyekiti wake ni Dorotea, na Dorotea kwa bahati mbaya ni mke wangu. Wamejifunza kutengeneza mkaa kwa nyasi. Naomba upige marufuku, kwa sababu hizi:

1. Nyasi ni chakula cha ng'ombe. Leo tunakichoma, kesho ng'ombe watadai ugali wetu, na watakuwa na haki.

2. Nyasi zikishaungua ndani ya pipa, huzitwanga na kuzikoroga na uji wa muhogo ili zishikane. Kwa hiyo asubuhi mkaa unakunywa uji kabla yangu. Nilipolalamika, Dorotea alinijibu kwamba mkaa una kazi ya kufanya leo.

3. Redioni tunaambiwa sasa ni soko huria, kila mtu auze alicho nacho. Sawa. Lakini wateja wangu wa Mabatini wote wamehamia kwao, hata Paskazia muuza maandazi, ambaye mwanawe nilimsimamia ubatizo. Eti mkaa wangu unarusha cheche. Miaka yote hiyo alikuwa hazioni?

4. Hili ndilo linaloniuma. Mwezi uliopita niliwaambia waache kuchezea mapipa, niwaonyeshe ufundi. Nilipanga nyasi zao za wiki nzima kama magogo, nikafukia kwa udongo na kulinda moshi siku tatu, kama nifanyavyo kwa miti. Nilipofukua nilikuta majivu yasiyojaza hata kofia. Walicheka mpaka mwalimu wao Kemilembe, Mhaya anayejiheshimu sana, akakaa chini. Bwana Misitu, niliona aibu kubwa.

5. Jifikirie na wewe. Miti isipokatwa itakuwa msitu, msitu utaleta fisi, na fisi watamaliza mbuzi. Halafu nikiacha kuchoma utamkimbiza nani? Serikali itauliza pikipiki yako ni ya nini. Mimi na wewe tunategemeana.

Mapipa yao yachukuliwe kabla ya mvua za vuli. Nisalimie mama watoto, wenzako wote ofisini, na yule mlinzi aliyetumbukia mtoni akinifukuza. Mguu wake unaendeleaje?

Mimi, mwananchi mtiifu kwa kiasi,
Luhende

Nyongeza: Mapipa usiyachukue kwanza. Tangu Pasaka sijaona mti unaostahili shoka. Juzi nilitembea mpaka kilima cha tatu nikarudi mikono mitupu, na siku hiyo tulipikia mkaa wa Dorotea. Naomba uniambie kwa siri, pipa hufunikwa kwa muda gani? Yeye anajua, lakini anasema kila mwanafunzi huanza kwa kukata nyasi. Nimekwisha kunoa mundu, na kesho asubuhi nitakwenda na akina mama.