Chuma cha Wati Arobaini

Jumatatu, tarehe 4 Agosti

Dada mpendwa, ulipoondoka uliniachia daftari hili nikuandikie likizo yangu, kisha nikutumie kurasa. Naahidi kusema yote, hata yatakayonitia aibu.

Hali ni hii. Jumamosi lori la vyuma chakavu linakuja kuchukua gari la Babu. Baba ameshakubali. Anasema gari ambalo halijawasha taa tangu Babu azikwe ni kaburi la pili, nalo moja linatosha. Nimemwomba sana. Mwishowe akasema zikiwaka taa zote na honi ikalia kabla lori halijalibeba, gari litabaki. Alicheka aliposema hivyo, lakini ahadi ni ahadi.

Binamu yetu amefurahi kupita kiasi. Yule aliyesoma ufundi muhula mmoja na sasa haitiki mpaka aitwe Injinia. Anataka nafasi ya gari bandani aweke meza yake ya kazi. Ameshaipima kwa hatua. Kaniambia nyaya za gari lile zimeoza kama meno, na msichana wa kidato cha pili akazane na ramani za jiografia. Nikaenda kuhesabu akiba yangu. Kimya kingi kina mshindo mkuu.

Jumanne, tarehe 5 Agosti

Nimenunua chuma cha kulehemu! Sikukurupuka. Muuza vifaa vya umeme alinipangia vinne mezani. Cha wati thelathini ni cha redio: kikigusa waya mnene wa gari, waya unanyonya joto lote na lehemu inabaki uvimbe tu. Cha wati mia ni kinene kama mpini wa jembe, kinayeyusha plastiki kabla ya kitu kingine. Cha gesi kinatoa mwali pembeni, na mimi nitakuwa jirani na bomba la petroli. Cha nne kina wati arobaini, ncha bapa, na vibanio viwili vya kushika betri ya gari lenyewe. Banda halina soketi. Nikachukua hicho. Busara tupu. Nikachukua na lehemu yenye dawa ndani, kwa kuwa ile ya asidi hula shaba.

Muuzaji akaniuliza gari ni la nani. Nilipomwambia, aliacha kuhesabu chenji. Akasema Babu alikuwa akinunua chuma hikihiki, na kila Jumanne alikuja kubadilisha ncha. Akanikumbusha kwamba leo ni Jumanne. Nikamwambia ndiyo, na kesho ni Jumatano.

Jumatano, tarehe 6 Agosti

Aibu niliyoiahidi. Mwalimu wa fizikia alitufundisha sheria ya kwanza: kabla ya kugusa nyaya za gari, chomoa betri. Na chuma changu kinakula betri hiyohiyo! Nikiichomoa, chuma kinapoa. Nisipoichomoa, navunja sheria.

Nikabuni mbinu. Napasha chuma, nachomoa betri, natimua mbio hadi kwenye taa za nyuma. Nikifika, chuma kimepoa. Mara tisa. Injinia alileta kiti akae vizuri. Akasema nimevumbua riadha ya umeme.

Mara ya kumi, saa kumi alasiri, nilifika nyuma na chuma bado cha moto. Kikabaki cha moto saa nzima. Vibanio vilikuwa vinaning'inia hewani, vikibembea polepole, na upepo haukuwapo. Nikalehemu maungio manne. Injinia alisogeza kiti chake hadi kwenye jua, kisha akakumbuka ana shughuli ndani.

Chuma kizuri hutunza joto. Ubora hauna mjadala.

Alhamisi, tarehe 7 Agosti

Ajabu. Jana niliacha maungio manne. Leo nimefungua buti nikayakuta kumi na moja. Yote yanang'aa, yamezungushiwa utepe, na chini ya utepe yamefungwa uzi wa buluu, kama Babu alivyofunga yake yasilegezwe na mtikisiko wa barabara. Nilipoyagusa, utepe ulikuwa na uvuguvugu.

Nikamuuliza Bibi nani mwingine ana uzi wa buluu humu nyumbani. Akasema hakuna. Donge la uzi ule alilitia yeye mwenyewe kwenye mfuko wa Babu, siku ile ya mazishi. Kisha akaniuliza lehemu inang'aa au imefifia. Nikamwambia inang'aa.

“Basi usimsumbue, mjukuu wangu,” akasema. “Mwache amalize.”

Nikamweleza kwa adabu kwamba kazi niliianza mimi, kwa hiyo sifa ziwe zangu. Bibi akaendelea kuchambua mchele.

Ijumaa, tarehe 8 Agosti

Mvua. Injinia leo mpole kama maji mtungini. Amenishauri nipumzike. Jioni nilimwona akitoka bandani na kitu kizito kimefunikwa gunia. Nikadhani ana huruma, anaanza kuhamisha takataka zake.

Jumamosi, tarehe 9 Agosti

Lori lilifika saa tatu asubuhi. Baba akaniita. Niliingia nyuma ya usukani, nikazungusha ufunguo.

Taa zote, Dada! Mbele, nyuma, hata ile ya ndani ambayo haijawahi kuwa na balbu tangu nizaliwe. Nikanyoosha mkono kubonyeza honi. Ikalia kabla sijaifikia. Mlio mmoja mrefu na miwili mifupi, kama Babu alivyopiga akifika nyumbani. Bibi akainuka, akajitanda khanga yake, akaenda kufungua lango. Lilikuwa wazi tayari. Akabaki ameshika komeo.

Hapo Injinia akasema kwa sauti ndogo, “Betri iko chumbani kwangu. Niliichukua jana.”

Baba akafunua boneti. Mahali pa betri palikuwa na kutu tu. Taa zikaendelea kuwaka. Dereva wa lori alivua kofia, akarudi kinyumenyume hadi barabarani. Baba akasema gari linabaki, akasema kama mtu anayerudia alichoambiwa. Injinia akaomba radhi. Si kwangu. Kwa kioo cha mbele.

Nimetafakari sana. Nimegundua kwamba maungio yakiwa safi, gari halihitaji umeme mwingi. Nitamwandikia Mwalimu ripoti. Meza ya Injinia sasa ni yangu, hataki tena kulisogelea banda.

Limebaki jambo moja dogo. Dirisha la dereva. Nalishusha, linapanda lenyewe. Nimelehemu swichi yake mara tatu. Ni wazi wati arobaini hazitoshi, nitafutie huko cha wati themanini. Lakini wewe ndiye uliyekuwa ukikaa naye mbele kila asubuhi akikupeleka shule, kwa hiyo nijibu upesi, kwa barua ya kurudi: Babu alikuwa akisikia baridi?