Kukombolewa kwa Sikio la Rubani Kalmurza

Njooni, enyi wa mbali na wa karibu, tegeni masikio, maana habari yenyewe ni ya sikio! Nawasimulia vita kuu ya Boz-Terek, mji wetu wa mtaa mmoja na nusu, siku Sairagul binti Mambet, malkia wa kupara vichwa vya kondoo, alipoivamia sanamu ya kaka yake.

Kaka huyo, Rubani Kalmurza, alianguka na ndege yake katika Vita vya Pili vya Dunia, mwaka arobaini na tatu, kisirudi hata kifungo. Picha haikubaki. Ilibaki sanamu ya kichwa chake, nayo kila Mei, kabla ya Sikukuu ya Ushindi, watukufu wa halmashauri waliipaka rangi ya fedha, tabaka juu ya tabaka, miaka sitini, hata marehemu akanenepa kuliko meya. Pua ilizama, masikio yakamezwa. Na Sairagul, aliyemuaga akiwa na miaka sita, sasa ana themanini na mbili, alikuwa ameanza kuusahau uso wake. Hilo lilimuuma kuliko mauti.

Basi asubuhi ile akapanda kiti, akaimwagia sanamu maji ya moto, akachomoa kisu kilichopara vichwa vya kondoo walivyoandaliwa wageni wote wa heshima wa wilaya, akashambulia. Magamba ya fedha yakamwagika miguuni pake, mwaka baada ya mwaka.

Ndipo akatokea Meya Ormonbek, simba wa hotuba, bwana wa mikasi na utepe, mkononi kopo jipya la rangi.

"Bibi wee! Shujaa wa taifa unampara kama kondoo?"

"Vichwa nilivyopara umekula vingapi, mwanangu? Ulilalamika lini?"

"Wageni wanafika saa nne! Shuka, utavunjika nyonga!"

"Njoo unishushe, kama hilo tumbo litakuruhusu."

Umati ukaangua kicheko. Meya, jemadari wa kopo, akarudi nyuma hatua mbili. Kisu kikapiga pigo la mwisho, na tazama: sikio la kushoto likachomoza, pana, limetokeza kando bila haya.

"Ndiye!" akalia Sairagul. "Masikio haya haya! Nilimwambia angeruka bila ndege."

Akaliinamia, akanong'ona, nasi wadaku wa mstari wa mbele hatukuambulia neno. Miaka sitini tulimhutubia Kalmurza. Siku hiyo ndipo alipopata cha kusikilizia, na dada yake akawa wa kwanza.

Iandikwe basi: tarehe nane Mei, saa tatu na robo, Boz-Terek ilikomboa sikio moja. La kulia bado limo mikononi mwa meya.