Kiti cha Koplo Kahaso

Kwa unyenyekevu mkubwa, shirika letu la ndege linautangazia umma kwamba hakuna shirika lingine, angani wala ardhini, linalomheshimu mwanajeshi aliye safarini kikazi kama sisi. Sera yetu ya Shukrani ina vifungu kumi. Imechapishwa kwa rangi, na ilizinduliwa hapa Changamwe kwa keki yenye umbo la kofia ya chuma.

Mimi ni Tsofa Kadenge, Afisa wa Shukrani, kaunta namba tatu. Kazi hii niliipata baada ya miaka miwili ya masomo ya jioni, na kila siku kabla sijatoka Utange humwomba Mungu anisaidie kushukuru bila upendeleo. Wako wanaosema sera yetu ni maneno matupu. Hao nawaeleza yaliyotokea Jumamosi.

Saa kumi na mbili asubuhi alifika Koplo Kahaso, mpiga tarumbeta kutoka kambi moja ya Likoni. Magwanda yamepigwa pasi, barua ya safari mkononi, tarumbeta ndani ya sanduku jeusi.

"Kaka, naomba nisichelewe," alisema. "Nashukia Kisumu, halafu kuna gari la kunipeleka Bungoma. Tunamzika Sajini Wafula saa nane. Mjane wake amesema asipige mwingine ila mimi. Nimekaa na marehemu kambi moja miaka tisa."

"Hutachelewa, afande," nikamwambia. "Tuna fomu."

Fomu ina kurasa sita, jambo linaloonyesha tunavyowajali. Abiria wa kawaida hatumuulizi hata jina la shule yake ya msingi. Kwenye sehemu ya silaha niliandika: "Tarumbeta moja ya shaba, nia yake njema." Kisha nikapiga simu kambini kuthibitisha kwamba yeye ni yeye. Walithibitisha mara mbili, ya pili kwa ukali.

Ndipo heshima zikaanza. Kifungu cha kwanza: koja la asumini shingoni. Cha pili: makofi ya abiria wote kwa sekunde thelathini. Mwenzangu Lynnette alishika saa.

"Sasa twashangilia nini?" akauliza mama mmoja wa Bamburi. "Mwana wa watu aenda msibani!"

"Bado sekunde kumi na mbili, mama," Lynnette akamjibu. "Piga tu."

Cha tatu: mwanajeshi apande ndege kabla ya wote. Koplo Kahaso aliinua sanduku lake, lakini ilibidi nimzuie, kwa sababu Kanali alikuwa hajafika.

Kanali ni Bwana Maxwell Tinga, mkurugenzi wetu. Hajawahi kuwa jeshini. Siku ya uzinduzi, askari mmoja wa cheo cha chini kabisa alivishwa koja kabla yake, na jambo hilo lilimuuma. Kesho yake ulitoka waraka. Mkurugenzi angehesabiwa kuwa Kanali wa Heshima, kwa ajili ya mshikamano. Pia kiliongezwa kifungu cha tisa, alichokiandika kwa mkono wake mwenyewe: "Katika kila tendo la heshima lililotajwa katika sera hii, mwenye cheo cha juu atatangulia." Tangu hapo yeye husafiri kwa tiketi ya mwanajeshi aliye kazini, na mizigo yake haipimwi.

Asubuhi hiyo mizigo yake ilikuwa maboksi manne ya changu na kolekole kwenye barafu. Alikuwa anawapelekea wakwe zake wa Kisumu, ambao kwa maelezo yake hawajui samaki.

Tulimvisha koja. Tulimpigia makofi. Akatangulia kupanda, akaketi kiti cha kwanza, cha dirishani. Koplo akafuata, kisha wengine.

Tulipokuwa karibu kufunga mlango, rubani alisema mkanda wa kiti kimoja haufungi na hawezi kuruka na mtu juu yake. Ndege imejaa. Mtu mmoja ashuke, apande ya kesho.

"Sera inasemaje?" akauliza Bwana Tinga bila kuinua macho kwenye gazeti.

"Kifungu cha nne, bwana. Kwa kuwa mwanajeshi amezoea kujitolea, kiti kikipungua atapewa heshima ya kuacha chake."

"Basi mheshimu huyo Koplo. Tunachelewa."

Nilimwendea Koplo Kahaso. Alikuwa amelipakata sanduku kama mtoto.

"Kesho?" akasema. "Kaka, kesho nitampigia nani? Udongo?"

Yule mama wa Bamburi akageuka. "Mvisheni na koja jingine, labda litamfikisha Bungoma!"

Nilifumba macho nikaomba. Sikuomba muujiza, kwa kuwa muujiza hauna fomu. Niliomba nisome vizuri. Mwalimu wetu wa jioni alikuwa akisisitiza kwamba waraka husomwa mpaka mwisho. Nikasoma. Nilipofika kifungu cha tisa, nikamshukuru Mungu na kurudi mbele.

"Afande Kanali," nikasema, nikipiga saluti, "kifungu cha nne ni tendo la heshima. Kwenye ndege hii kuna wanajeshi wawili, na wewe una cheo cha juu. Hongera. Unatangulia."

"Tsofa, una wazimu? Mimi si mwanajeshi!"

Nilifungua daftari langu.

"Pole sana, bwana. Basi tiketi yako si halali, na itabidi ushuke tukapime samaki. Niandike lipi?"

Alinitazama, akawatazama abiria. Kisha akasimama na koja lake, akashuka ngazi kama mtu anayekagua gwaride. Makofi hayakuhitaji kuombwa. Lynnette anasema yalivuka dakika mbili, na kwamba aliacha kuhesabu akapiga na yeye. Maboksi yalishushwa pia, maana mzigo hausafiri bila mwenyewe.

Saa nane na nusu simu yangu ililia. Ulikuwa ujumbe wa Koplo Kahaso: "Nimewahi. Nimempigia mpaka mwisho. Mjane ameshukuru."

Wakati huo Bwana Tinga alikuwa bado kwenye ukumbi wa abiria, ameketi juu ya boksi mojawapo, na maji ya barafu yakimtafuta viatu. Nilimpelekea haki yake ya kifungu cha kumi, ambayo ni barua rasmi ya shukrani kwa mwanajeshi aliyeacha kiti chake kwa moyo mkunjufu. Barua hiyo haitambuliki bila sahihi ya mkurugenzi.

Nikampa kalamu.